Uzi: Kabla hujauliza "nichukue bastola gani", jua risasi yako itaishia wapi (Arusha na Moshi)

#1 MzeeWaUsa

Wakuu, salaam. Walionizidi umri, shikamooni.

Ndani ya wiki sita vijana watatu wa huku kwetu Usa River wamenifuata na swali moja: "Mzee, nichukue bastola ya aina gani?" Wote wamejenga na kuhamia karibuni. Mmoja ameshaibiwa, wezi walikata nondo za dirisha la jikoni yeye na familia wamelala. Nikamuuliza kila mmoja kwa wakati wake: ukisimama usiku kwenye mlango wa chumba chako ukanyoosha mkono kuelekea sebuleni, nyuma ya sebule kuna nini? Hakuna aliyejibu papo hapo. Mmoja alifumba macho, akahesabu vyumba kwa vidole, kisha akasema taratibu, "Chumba cha mama." Mama yake ameshuka kutoka Rombo kuja kutibiwa, ndipo anapolala.

Swali la aina ya silaha lina majibu na nitayatoa. Ila naomba mnivumilie nianze na nyumba, maana nyumba ndiyo inayochagua silaha.

Mimi si askari. Nililenga shabaha mara ya kwanza JKT, miaka ile ya ujana, kisha nikakaa miaka mingi bila kugusa bunduki. Bastola yangu ya 9mm naimiliki kihalali tangu 2011, baada ya kuvamiwa dukani. Miaka minne ya kwanza sikufanya nayo kitu. Niliitia kwenye mfuko wake wa ngozi, nikaufungia kwenye droo ya kabati, nikawa nalala vizuri. Siku nilipoamua kwenda kulenga ilikuwa baada ya masika. Nikaitoa, nikakuta kutu imeshika upande mzima uliolalia ngozi. Ngozi inanyonya unyevu na kuutunza, na dawa zinazotumika kuilainisha zinakula chuma. Shaba ya risasi ilikuwa na ukungu wa kijani. Kati ya risasi tano, moja ilikataa kabisa kulia. Nne zilizolia, nikiwa mita saba tu kutoka kwenye karatasi yenye ukubwa wa kifua cha mtu, mbili ziligusa karatasi.

Mbili nyingine ziliingia kwenye tuta la udongo. Mkufunzi akaniuliza, "Nyumbani kwako tuta liko wapi?" Swali hilo sijalisahau. Nilirudi nikachukua daftari la duka nikachora nyumba yangu: kuta, milango, madirisha, kila kitanda na anayekilalia. Kisha nikachora mistari kutoka pale ambapo ningesimama. Mstari wa kwanza tu, kutoka mlango wangu kwenda sebuleni, ulipita mlango wa jikoni wa mbao na kuishia kwenye kitanda cha dada anayetusaidia kazi. Miaka minne nilikuwa namlinda yule binti kwa silaha iliyomwelekea yeye.

Fanyeni hivyo kabla ya kwenda dukani. Chora nyumba. Chora na nyumba ya jirani.

Maelezo mengi tunayosoma kuhusu silaha za kulinda nyumba yametoka Marekani, na nyumba zao nyingi ni fremu za mbao zilizofunikwa jipsamu. Kule risasi ya bastola inatoboa kuta kadhaa za ndani, kwa hiyo wao hubishana sana kuhusu risasi ipi haipiti ukuta. Kwetu ukuta wa bloku uliopigwa plasta unazuia risasi nyingi za bastola. Hapo ndipo watu wanapojidanganya. Risasi haiendi ukutani kwa sababu ukuta upo. Inaenda dirishani, kwenye mlango wa plaiwudi, kwenye dari la jipsamu. Ikigonga sakafu ya saruji au vigae kwa pembe inaruka na kwenda kusikotarajiwa. Nje ya dirisha lako huenda kuna banda la bati ambamo mlinzi amelala, au nyumba ya mabanzi ya jirani.

Ndugu zangu wa Machame, Kibosho na Marangu mna jambo la ziada. Kihamba kina nyumba tatu au nne za ndugu zilizofichwa na migomba, na usiku huoni hata moja. Shina la mgomba ni maji matupu, halizuii risasi.

Sasa sheria, kwa ufupi maana wengi mnaijua. Tunaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mwombaji awe ametimiza miaka 25, awe na akili timamu, asiwe mtu wa fujo wala mtumwa wa kilevi, na awe amefundishwa kutumia silaha. Maombi yanaanzia serikali ya mtaa au kijiji, yanapanda kata, polisi wilaya, kamati za ulinzi na usalama, hadi kwa msajili wa silaha. Utachukuliwa alama za vidole. Inachukua muda, na muda huo si hasara, utumie kujifunza. Anayekuambia anajua njia ya mkato anakuuzia kesi.

Kuhusu kujihami someni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18. Haki ya kujilinda, kumlinda mwenzako na mali ipo. Lakini nguvu iwe ya kiasi kinachostahili hatari iliyopo, na ukivuka kiasi mtu akafa, unashitakiwa kwa kuua bila kukusudia. Mwizi aliyebeba televisheni yako akakupa mgongo anakimbilia uzioni, mwache aende. Nasema hivi kama mtu aliyeibiwa na anayejua hasira ile inavyopanda kifuani. Televisheni inanunuliwa Mjini Kati kila siku.

Haya, aina. Silaha ya kiraia ya kulinda nyumba utakayokutana nayo hapa kwa kawaida ni bastola, rivolva au shotigani.

Rivolva ni rahisi kuelewa. Risasi tano au sita, hakuna magazini wala sefti (kizuizi cha usalama) ya kusahau, risasi moja ikikataa unabonyeza tena na inakuja nyingine. Ubaya wake kifyatulio ni kizito, na mkono usiozoea unavuta mtutu upande. Bastola ya magazini inabeba risasi nyingi zaidi na kifyatulio chake kwa kawaida ni chepesi, lakini inadai mazoezi: kukokota (kuvuta sehemu ya juu nyuma ili risasi iingie kwenye chemba), kuondoa risasi iliyokwama, kukumbuka kwamba ukitoa magazini bado moja inaweza kuwa imebaki kwenye chemba. Hiyo moja ya kwenye chemba imeua watu wengi waliokuwa "wanasafisha". Na ukinunua, hakikisha unajua jina kamili la risasi yake. Makarov ni 9mm na Glock 17 ni 9mm, lakini risasi zao si moja: Makarov inatumia 9x18, Glock inatumia 9x19. Usikubali kuuziwa "risasi za tisa" tu.

Shotigani ya 12 ina nguvu kubwa kwa umbali wa ndani ya nyumba. Ni ndefu, inataka mikono miwili, na inapiga bega. Kwenye korido nyembamba mtutu unatangulia kona kabla yako, na anayekusubiri kwenye kona anaushika. Mkono wa tochi unautoa wapi? Mkono wa kumvuta mtoto unautoa wapi?

Maoni yangu, na mnaweza kunipinga: kwenye nyumba yenye watoto, bastola moja ya ukubwa wa kawaida, si ile ndogo ya mfukoni inayoruka mkononi, iliyofungiwa kwenye kasiki dogo lililofungwa kwa boliti ukutani karibu na kitanda. Shotigani naona inafaa zaidi kwa shamba na ghala. Lakini aina inayolingana na mkono wako na wa mwenzako ni bora kuliko jina kubwa. Mama watoto wangu ana vidole vifupi. Bastola niliyoipenda mimi dukani yeye hakufikia kifyatulio bila kugeuza mkono, nikaiacha.

Mazoezi ndiyo ninayotaka tuyaongee kwa urefu.

Kuna kanuni nne ambazo Jeff Cooper, ofisa wa zamani wa kikosi cha Marine cha Marekani aliyefungua shule yake ya bastola huko Arizona mwaka 1976, alizifundisha mpaka zikaenea dunia nzima. Kila silaha ihesabu ina risasi. Usielekeze mtutu kwenye kitu usichotaka kukiharibu. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umelenga. Jua unachopiga na kilicho nyuma yake. Mimi nimezigeuza mpangilio: ya nne naianza, kwa sababu ya lile daftari.

Nyumbani nafanya mazoezi makavu, yaani bila risasi, dakika kumi, mara mbili kwa wiki. Natoa magazini, nakokota, naangalia chemba kwa macho kisha naipapasa kwa kidole kidogo. Risasi zote zinabaki chumba kingine na mlango unafungwa. Naelekea ukuta wa nje wa bloku, ule ambao nyuma yake ni mteremko wa shamba langu na si njia ya watu. Naweka sarafu ya shilingi mia juu ya mtutu, karibu na kilengeo cha mbele, nabonyeza kifyatulio polepole. Sarafu ikianguka, mkono umetikisika. Miezi miwili ya kwanza ilikuwa inaanguka tu. Shotigani za zamani msizifanyie hivi bila risasi bandia kwenye chemba, pini zake huvunjika.

Kisha uwanjani, penye kibali na mkufunzi, walau kila baada ya miezi mitatu. Mwombe mkufunzi achanganye risasi bandia na za kweli kwenye magazini bila wewe kuona zilivyopangwa. Ukifika kwenye bandia utajiona mwenyewe unavyousukuma mtutu chini kwa kuogopa mlio. Mimi nilijiona na ndipo nilipoelewa zile mbili zilienda wapi. Vaeni vizuizi vya masikio, mlio wa bastola unazidi desibeli 150 na sikio halioti tena.

Lengeni kwa umbali wa nyumba zenu, msihangaike na mita hamsini. Korido yangu ni mita saba. Mwaka 1983 sajini wa polisi wa Salt Lake City, Dennis Tueller, aliandika kwamba mtu mzima mwenye kisu anakimbia futi 21, yaani kama mita sita na nusu, kwa sekunde moja na nusu hivi. Pimeni korido zenu kwa hesabu hiyo. Mtu akishaingia koridoni umechelewa kutafuta ufunguo wa kasiki. Kwa hiyo kilicho cha kwanza kwenye ulinzi wa nyumba yangu ni mlango wa mbao ngumu niliouweka mwanzo wa korido, wenye makomeo mawili. Usiku vyumba vyote vya kulala viko nyuma ya mlango huo, na cha dada tulikihamishia huko. Ule mlango unanipa dakika. Dakika hizo ndizo za kufungua kasiki, kukusanya watoto chumba kimoja, kupiga 112, kumpigia mwenyekiti na jirani wa juu.

Na kisha ninakaa. Sitoki kuwinda mtu sebuleni. Vitu vya sebuleni wachukue. Nimeelekea mlango mmoja, watu wangu wote wako nyuma yangu, mstari wa risasi naujua. Nje ya hapo sijui chochote: huenda ni mwizi, huenda ni mlinzi wetu ameingia kusaidia, huenda ni kijana wangu amerudi kutoka Moshi bila kusema. Ndiyo maana tuna neno letu la nyumbani ambalo mlinzi analijua na watoto wanalijua, na tochi yangu siitumii kwa kuifunga kwenye silaha. Naishika mkono mwingine, ili nimulike mtu bila kumwelekezea mtutu.

Karibuni, ulizeni.

#2 Sakina2

Shikamoo mzee. Nimesoma yote. Mimi nilikuwa nataka shotigani kwa sababu moja, nimeambiwa haihitaji kulenga, unaelekeza tu na marisau, vile vidonge vya risasi yake, yanasambaa chumba kizima. Na nimeambiwa ile sauti ya kukokota peke yake inamkimbiza mwizi. Naomba ufafanuzi.

#3 MzeeWaUsa

Marahaba mwanangu. Hayo mawili yamesemwa sana na yote mawili yanaumiza watu.

Marisau makubwa kwa umbali wa chumbani hayasambai kama maji ya kopo. Kwa makadirio ya wapigaji, mtutu usiobanwa mdomoni unatawanya kama inchi moja kwa kila yadi. Mita sita ni kama yadi sita na nusu, kwa hiyo mchoro wote ni kama sahani ndogo ya chai. Ukikosa kwa upana wa sahani umekosa kabisa, na risasi moja ya aina hiyo ina vidonge nane au tisa, kila kimoja kinaenda zake mpaka kipate cha kukizuia. Wewe unawajibika kwa vyote tisa.

Sauti ya kukokota: labda atakimbia. Labda naye ana bunduki na umemwonyesha uko mlango gani. Sipangi usalama wa watoto wangu kwa labda. Ukitaka kumkimbiza, paza sauti ukiwa nyuma ya mlango: polisi wameshaitwa, nina silaha, ondoka. Honi ya gari au king'ora cha betri kinaamsha mtaa mzima.

#4 MujibuWaSheria

Mzee umeongea vizuri. Niongeze la risasi ya juu, maana huku Moshi ni desturi. Mtu akisikia mbwa wanabweka anatoka barazani anapiga moja hewani. Niliwahi kufanya hivyo mwenyewe, siku moja ya Desemba wakati watu wote wamepanda nyumbani, vihamba vimejaa. Asubuhi mjomba wangu wa nyumba ya chini akanionyesha tundu kwenye bati la jiko lake. Hatujui kama ilikuwa yangu, maana usiku ule kulikuwa na wengine waliopiga. Lakini nilikaa chini kwenye kigoda chake nikashindwa kunywa chai. Jikoni mle walikuwa wamelala watoto kwa sababu vitanda vilikuwa havitoshi.

Risasi ya 9mm inaweza kwenda karibu kilomita mbili. Iliyopanda lazima ishuke. Sijapiga ya juu tena.

Na kuhusu sisi tuliopita JKT: tulifundishwa silaha ya vita, kwa amri, mchana, adui yuko mbele kwenye tuta. Nyumbani hakuna amri na hakuna mbele. Tusijihesabu tumeshajua.

#5 MuuguziMoshi

Naomba niseme kutoka upande wa wodi. Majeruhi wa risasi niliowahudumia ambao silaha ilikuwa ya halali, mara nyingi aliyeumia ni mtu wa nyumba ile ile. Paja, kiganja, mguu. Baba anatoa bastola kwenye gari, mtoto anafungua begi la baba.

Mambo mawili. La kwanza, mtoto wa miaka mitatu ana nguvu ya kubonyeza kifyatulio kwa vidole gumba viwili, akiwa ameugeuzia mtutu kwake. Juu ya kabati si mafichoni, watoto wanapanda. Chini ya godoro si mafichoni, dada anatandika kila asubuhi. Kufunga ni kufunga kwa kufuli.

La pili, kila anayejifunza kupiga ajifunze pia kuzuia damu. Damu ikiruka mguuni au mkononi, bana kwa kiganja na kitambaa safi, bana kwa uzito wako wote na usiachie kuchungulia. Isipokoma, funga mkanda mpana juu zaidi ya jeraha, kati ya jeraha na kiwiliwili, upana wa vidole vitatu au zaidi, kaza kwa kijiti mpaka damu isimame, andika saa uliyofunga. Usitumie kamba nyembamba, inakata. Kisha hospitali bila kusubiri gari zuri. Watu wanapoteza maisha barabarani kwa jeraha la paja ambalo mkanda ungetosha kulizuia mpaka hospitali. Wekeni mikanda hiyo na bandeji karibu na kasiki.

#6 Mwenyekiti_Mtaa

Naandika kama mwenyekiti wa mtaa, siutaji. Barua za kuomba silaha zinaanzia mezani kwetu na vijana wengi wanadhani ni mhuri tu.

Mimi nikipata barua, najiuliza mambo ambayo hayako kwenye fomu. Huyu na mkewe wakoje? Akinywa anakuwaje? Ana mgogoro wa mpaka wa kiwanja? Kuna mmoja nilimkatalia, tukasalimiana kwa ubaridi mwaka mzima. Alikuwa na kesi ya mpaka na kaka yake. Baada ya kesi kuisha alikuja mwenyewe akasema, "Mwenyekiti, mwaka ule ningeipata ningeitumia." Hakuomba tena.

Na niwaambie ukweli, mtaa wetu wizi ulipungua tulipoweka taa za sola kwenye kona nne, filimbi kila nyumba, na zamu ya ulinzi shirikishi. Sipingi silaha halali. Ila mtu asiyetaka kuchangia shilingi elfu tano ya ulinzi wa mtaa halafu anataka bastola, huyo namtilia shaka.

#7 MzeeWaUsa

Mwenyekiti, asante sana. Muuguzi, hilo la mkanda sikuwa nalo kwenye kasiki langu. Kesho naliweka.

MujibuWaSheria, pole ndugu yangu. Umefanya vizuri kulisema.

#8 Kibosho_Dada

Shikamooni wote. Nimesoma uzi huu usiku kucha na naomba msaada. Baba yetu alifariki mwezi wa tatu. Alikuwa na Greener, ile shotigani ya mtutu mmoja, aliirithi au aliinunua zamani kwa mzungu wa shamba la kahawa, sijui vizuri. Aliitumia kufukuza tumbili kwenye mahindi. Ipo kwenye dari la nyumba ya zamani, imefungwa kwenye gunia. Kaka zangu wanasema iachwe, ni kumbukumbu, na inalinda boma. Mama anaogopa hata kuingia mle. Nifanyeje? Naweza kuipeleka mwenyewe mjini?

#9 MzeeWaUsa

Dada, pole kwa msiba. Mungu ampumzishe mzee.

Usiishushe na usiifungue. Hesabu ina risasi. Usipande nayo daladala hata kwa dakika moja, ukikutwa barabarani na silaha isiyo ya jina lako maelezo yatakuwa marefu. Leseni ilikuwa ya baba na haimrithishi mtu. Kaka zako wakiendelea kukaa nayo wanamiliki silaha bila kibali, hata kama ilikuwa halali mikononi mwa mzee. Anayeitaka aikabidhi kwanza polisi, kisha aombe kwa jina lake tangu hatua ya kwanza, mwenyekiti wake amtazame kama alivyosema hapo juu.

Tafuta kitabu cha leseni ya baba. Nenda kituoni na kitabu hicho, hati ya kifo na mwenyekiti wa kijiji, bila bunduki. Waombe wao waje kuichukua. Wakija, wape mama kiti nje akae mbali. Hakikisha wanaandika namba ya silaha na unapewa maandishi ya makabidhiano.

Na tafuta risasi. Watu wanakumbuka bunduki na kusahau risasi. Kitabu kitaonyesha alinunua ngapi.

Kwa kaka zako: kumbukumbu ya mzee ni kihamba alichowaachia. Waombe kwa upole, wakiwa wawili wawili, si mbele ya mashemeji.

#10 Sakina2

Mzee nimechora nyumba jana usiku. Nimepanga, sijajenga. Chumba changu na cha mpangaji mwenzangu vinatenganishwa na ukuta wa mbao na karatasi za dari. Sina mstari hata mmoja usiomgusa mtu. Nimeahirisha kuomba. Nimenunua komeo la pili na tochi.

#11 MzeeWaUsa

Umefanya jambo la mtu mzima, mwanangu. Ukijenga, nitafute nije tuchore pamoja.

#12 Kibosho_Dada

Wazee wangu, nimerudi kuwapa taarifa.

Kaka mkubwa alikubali baada ya mama kusema mbele yake kwamba tangu msiba halali vizuri. Polisi walikuja wawili siku ya Alhamisi pamoja na mwenyekiti wa kijiji. Wakapanda darini wenyewe, wakaifungua pale pale na mtutu ukiwa umeelekea shambani. Haikuwa na risasi. Tumepewa karatasi ya makabidhiano, ina namba ya bunduki na sahihi zao.

Risasi tulizikuta kwenye kopo la Kimbo juu ya moto wa jiko la zamani, pale baba alipokuwa anakaushia mbegu. Ni zile za karatasi, zimevimba, askari akasema hazingeingia kwenye mtutu na hazifai kuguswaguswa. Kitabu cha baba kilionyesha zinapaswa kubaki kumi. Kwenye kopo zilikuwa nane.

Tumetafuta tangu Alhamisi. Ya tisa tumeipata jana, mjukuu wa miaka sita alikuwa nayo kwenye mfuko wa shule, amechora macho na mdomo kwa kalamu, anaiita askari. Anasema aliipewa na babu, lakini kila ukimuuliza anataja siku nyingine. Polisi wameichukua.

Ya kumi bado. Leo tunatoa majani yote chini ya migomba upande wa jiko, na kaka amechukua ruhusa kazini aje atusaidie.